Saa Hutolewa Nzima

Ijumaa asubuhi karani wa Baraza aligonga mlango wangu mara nne, ingawa nimeweka kitufe kinachowasha taa ya bluu ndani ili binadamu wasinigongee. Kitufe kiko usawa wa macho. Juu yake nimeandika kwa herufi zinazosomeka toka barabarani: BONYEZA, USIGONGE. Deusi anajua kusoma. Ndiyo kazi yake.

"Da Skola, samahani, nimesahau," alisema nilipofungua.

"Umesahau mara ya sita. Ingia, ila simama hapo hapo mlangoni. Umepaka nini?"

"Mafuta ya nazi."

"Na kingine."

Akainusa kola ya shati lake. "Labda sabuni mpya aliyonunua mke wangu."

"Ina ndimu ya uongo. Simama hapo hapo."

Alisimama. Deusi hana ubaya, na kati ya watu wa ofisi ya kata ndiye pekee asiyeongea na mimi kwa sauti ya kubembeleza mtoto. Alinipa karatasi kwa kunyoosha mkono, kama mtu anayemlisha mbuzi mkali. Baraza lilitaka saa yangu ya Alhamisi, kuanzia saa tatu kamili asubuhi hadi saa nne.

Sikuhitaji kuuliza sababu. Alhamisi saa tatu na nusu ndipo kinu cha kukamua alizeti kilipoungua. Kilikuwa kinu cha kata nzima, na hadi asubuhi hiyo harufu ya mafuta yaliyoungua ilikuwa bado imelala kwenye mapazia yangu, ingawa nilikuwa nimeyafua mara mbili.

"Wamemkamata Nkuwi," Deusi alisema. "Fundi. Jumatano aligombana na wenye kinu mbele ya watu, akasema watamkumbuka. Yeye anadai saa hiyo alikuwa juu ya mnara namba nne akigonga bolti, peke yake. Hakuna aliyemwona. Ikithibitika ni yeye, ni miaka saba."

Mama yangu alikuwa akinisimulia kwamba zamani kesi ya namna hii ingemalizwa na kamera. Siku hizi mtoto wa darasa la nne anaweza kukutengenezea picha zako ukichoma kinu, na moshi ukafuata upepo sawasawa, hata mama yako mzazi akaapa ni wewe. Ndiyo maana mahakama zilizitupa picha zote na sauti zote za mashine, zikarudi kwa mashahidi wenye damu. Hapo pakazuka tatizo jingine, maana kofia ya kusomea kumbukumbu, ile inayozionyesha ukutani, ilipowekwa vichwani mwa mashahidi wa kawaida, ukutani ulitokea ukungu. Ubongo wa watu wengi hutupa karibu kila kitu unachopokea, kisha ukiulizwa hujaza mapengo kwa vitu vya kuazima. Shahidi mmoja alimwonyesha mwizi akiwa na uso wa shemeji yake, na hakuwa anadanganya. Aliamini kabisa.

Kwa baadhi yetu wenye usonji ukungu huo haupo. Sisi hatutupi. Kila kata sasa ina mtu mmoja wa aina yangu anayeitwa Mtunza Saa, na watu hushusha sauti anapopita. Husema nina kipaji. Kipaji ni kitu unachoweza kukiweka chini ukichoka, na mimi sijawahi kuiweka chini hata sauti ya friji ya jirani. Lakini kazi ni kazi, nimeifanya miaka kumi na moja, na nimetoa saa ishirini na tatu.

"Unayo?" Deusi aliuliza.

Ni swali la kawaida. Kofia haiwezi kuingia kichwani ikapekua yenyewe. Ni lazima mwenye saa aipitie hatua kwa hatua, nayo ifuatie nyuma. Mtunza Saa akisema hana, hakuna mashine ya kumbishia. Akisema anayo, saa hutolewa nzima, dakika zote sitini, ukutani, mbele ya watu. Miaka ya mwanzo watu waliruhusiwa kukata dakika, na wenye uwezo wakakata walichotaka, ndipo sheria ikaandikwa upya. Saa hutolewa nzima au haitolewi.

"Nitajibu Jumatatu," nikasema.

Deusi alinitazama. Sijawahi kujibu Jumatatu. Huwa najibu kabla hajamaliza kuuliza.

"Sawa, Da Skola," alisema, akaondoka, na ndimu yake ya uongo ikabaki.

*

Niliizunguka meza mara arobaini na moja. Nilijaribu kukaa, lebo ya sweta ikaanza kunichoma shingoni, lebo ambayo niliikata mwaka jana na bado naijua ilipokuwa. Nje upepo wa Juni ulikuwa ukisukuma mapanga ya minara ya umeme, na kila panga lina sauti yake. La tatu la mnara namba mbili lina ufa. Nimewaandikia barua.

Saa hiyo ninayo. Ninayo yote.

Alhamisi nilikuwa kwa Hilaria, rafiki yangu, nikisukwa. Hilaria ndiye mtu pekee duniani anayenisuka. Kichwa changu hakitaki mguso mwepesi. Mguso mwepesi kwangu ni mdudu, na nikihisi mdudu nasimama, na mtu akisimama katikati ya kusukwa kila mmoja hukasirika. Wasusi watano walishindwa nami. Hilaria aliniuliza siku ya kwanza, "Unataka nishike vipi?" Hakuna aliyewahi kuniuliza. Anashika kwa nguvu, haachii, na kabla ya kuhama anasema, "Sasa nakwenda kulia." Ana chanuo cha mti kwa ajili yangu tu. Akisikia hatua zangu uani anazima friji.

Dakika ya kumi na mbili ilianza nyundo. Mbili, kimya, moja. Mbili, kimya, moja. Nkuwi alivunjika kifundo cha mkono wa kushoto miaka minne iliyopita na hawezi kugonga mara tatu mfululizo. Sauti ilitoka kaskazini, ikiwa na mwangwi wa chuma kitupu, na ni mnara namba nne tu ambao shina lake halikujazwa zege. Dakika ya thelathini na nane nilisikia harufu ya mafuta yakiungua, kutoka kusini. Nyundo iliendelea kaskazini kwa raundi tisa zaidi, hadi kelele za watu zilipoanza. Mtu mmoja hawezi kuwa kusini akiwasha moto na kaskazini akigonga bolti. Nkuwi ni msafi.

Lakini dakika ya thelathini na moja Hilaria alikuwa amesema, "Sasa nakwenda kulia, nilalie," na nikalaza kichwa pajani pake, sikio langu la kushoto likagusa tumbo lake.

Nilisikia moyo wake, wa polepole. Na nyuma yake nikasikia mwingine, mdogo, wa haraka.

Sikusema kitu. Wapo wanaosema watu kama mimi hatujui lini tunyamaze. Nilijua. Nilikaa dakika ishirini na tisa sikio likiwa pale, na kwa mara ya kwanza nilitamani asimalize kunisuka haraka.

Hilaria amepoteza mimba tatu. Ya kwanza mama mkwe wake aliitangaza kanisani. Ya pili, kina mama wa kikundi walikwisha kuleta shali za mtoto. Ya tatu aliwaambia mume wake na mama mkwe tu, na kabla ya Jumapili sokoni walikuwa wanampa pole ya kichefuchefu. Kwetu mimba haitangazwi, hata ya walio na bahati. Hata ikionekana, watu hujifanya hawaoni hadi mwenyewe aseme. Hilaria, kwa hii ya nne, alikuwa amejifunga kimya kuliko wote. Mume wake, Fidelis, ambaye kazi ya reli humweka Tabora, hakuwa ameambiwa. Mimi sikuwa nimeambiwa. Alivaa madera mapana na koti juu yake, na kwa baridi hii ya Singida nani angemuuliza kuhusu koti?

Nami nikitoa saa, ukutani hakuna picha tu. Pembeni huandikwa kila nilichokihisi, mstari kwa mstari: harufu, joto, mguso, sauti na mahali ilipotoka. Watu hupenda kuusoma ule mstari kuliko kutazama picha.

Siamini kwamba jicho la mtu linaweza kuua kitu tumboni. Niliwahi kusema hivyo kwa sauti, nikaambiwa nina kiburi. Lakini mimi ni mtu ambaye akitazamwa kwa muda ngozi humwasha hadi mgongoni. Nani mimi wa kusema macho hayafanyi kitu?

*

Jumamosi nilikwenda kwake. Friji ilizimwa kabla sijafika mlangoni, na hilo lilinifanya nitake kugeuka nirudi.

"Umekuja mapema," Hilaria alisema. Alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. "Nywele zinakubana?"

"Hazibani. Hila, Baraza wanataka saa ya Alhamisi."

Mkono wake ulisimama juu ya ungo. "Ulipokuwa hapa?"

"Ndiyo. Nilimsikia Nkuwi mnarani. Si yeye aliyechoma."

"Basi ni vizuri." Alinitazama, kisha akatazama pembeni, maana anajua sipendi. "Si vizuri?"

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nilipanga nianze kwa kuzunguka, kama watu wanavyofanya, niulize habari za Fidelis, nipite kwenye baridi. Nilifungua mdomo na yakatoka yale niliyokuwa nayo.

"Nilisikia moyo wa mtoto. Itaandikwa ukutani."

Ungo ulianguka. Maharage yalitawanyika kwenye sakafu ya saruji kwa kelele iliyonifanya nizibe masikio, na kwa sababu hiyo sikusikia neno la kwanza alilolisema. Nilipoondoa mikono alikuwa amesimama, viganja vyote viwili juu ya tumbo.

"Umelitamka," alisema. "Miezi mitano sijalitamka hata mimi. Nikiomba usiku nasema 'ile shughuli'. Wewe umeingia nyumbani kwangu ukalitamka."

"Nilitaka kukuuliza kabla."

"Kuuliza ndiko huko kutamka, Skola!"

Nilielewa hapo. Nilikuwa nimefikiri kwamba kuuliza ni adabu. Nilijisikia vibaya kiasi kwamba mikono ilianza kujipiga mapajani yenyewe, nikaiacha, maana mbele ya Hilaria huwa siizuii.

"Sema huna," alisema baadaye, kwa sauti ya chini. "Si unaweza kusema huna?"

"Naweza."

"Basi."

"Nkuwi atafungwa miaka saba."

"Nkuwi ana ndugu. Atapata mwanasheria. Atapata..." Hilaria si mtu mbaya na hakuweza kuimaliza sentensi. Aliketi chini akaanza kuokota maharage moja moja, akilia bila sauti, na mimi nikakaa upande wa pili nikaokota ya upande wangu. Nilihesabu mia mbili na kumi na sita. Sikujua nifanye nini kingine.

"Na mama mkwe anakaa mezani pale Barazani," alisema. "Yeye atakuwa wa kwanza kusoma. Unamjua. Kabla ya jioni kanisa zima litapiga vigelegele, na mimi nitalala nikisubiri damu. Nimeshalala hivyo mara tatu. Sitaweza tena, Skola, nakwambia kweli. Ya nne itaondoka na mimi."

"Labda hawataona mstari huo."

"Wewe mwenyewe unaamini?"

"Hapana."

Alifuta uso kwa upindo wa dera. "Kama utaitoa, itoe," alisema. "Siwezi kukushika mdomo. Ila usirudi hapa."

Nilipofika uani nilisikia friji ikiwashwa.

*

Jumapili sikulala wala kula vya kutosha kuitwa kula. Nilisema "sina" mbele ya kioo mara nyingi. Ni neno fupi, na nilipolisema nilimwona Nkuwi, mtu ambaye simpendi hata kidogo, anayefungulia redio asubuhi kana kwamba mtaa mzima ni kiziwi, akigonga mbili, kimya, moja. Halafu nikasema "ninayo", nikaona viganja vya Hilaria. Nilizunguka meza hadi goti la kulia likauma. Nilimkasirikia Nkuwi kwa kugonga, nikamkasirikia Hilaria kwa kunilaza pale, na zaidi ya wote nilijikasirikia mimi kwa kuwa na sikio.

Jumatatu ukumbi wa Baraza ulijaa. Watu kama sitini chini ya mabati, na taa sita za mirija, mbili zikivuma. Manukato, jasho, mafuta ya taa ya mtu aliyepikia jiko bovu. Nkuwi alikaa benchi la mbele, mkono wa kulia ukishika kifundo cha kushoto.

"Skola," aliniambia nilipopita, "ile redio, najua nakukera, mimi..."

"Redio si kesi," nikamjibu. "Nyamaza."

Mezani walikaa Mwenyekiti Kijanga na mjumbe wake, Bi Apolonia Mghanga, mama mkwe wa Hilaria, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kufika mbali, aliyekuwa mkunga wa kata hii miaka thelathini kabla hajastaafu. Mimi mwenyewe nilizaliwa mikononi mwake. Deusi alikuwa kwenye mashine yake pembeni.

"Mtunza Saa," Mwenyekiti alisema, "saa ya Alhamisi unayo?"

Nilikuwa bado sijaamua. Naandika hivi ili ijulikane. Nilisimama pale nikiwa sijaamua, watu sitini wakinitazama, ngozi ikianza kuwasha kuanzia kisogoni, na kuwashwa huko ndiko kulikonipa wazo.

"Ninayo," nikasema. "Ila naomba watu wageuke."

"Wageuke vipi?"

"Waangalie mlango. Nikitazamwa siwezi. Ni usonji wangu."

Ukumbi ulinong'ona kwa huruma, na nikatamani ardhi inimeze. Miaka kumi na moja sijawahi kuomba hata kiti tofauti. Saa ishirini na tatu nimezitoa nikitazamwa na watu hawa hawa, nikiwashwa kimya kimya. Deusi alilijua hilo kuliko wote. Alifungua mdomo, akanitazama, akaufunga.

"Sheria inasema saa ionyeshwe mbele ya watu," Mwenyekiti alisema.

"Itakuwa mbele ya watu. Migongo nayo ni ya watu."

Mtu alicheka, wengine wakamfuata. Mwenyekiti alimtazama Deusi, Deusi akapekua kitabu cha sheria kurasa mbili tatu, akasema hakioni kipengele cha kukataza. Basi viti viligeuzwa. Vyuma sitini vilikwaruza saruji na nikauma ulimi ili nisipige kelele.

"Meza haiwezi kugeuka," Mwenyekiti alisema. "Sisi ni lazima tuone."

"Najua."

Mpango wangu ulikuwa umeishia hapo. Deusi alinivika kofia, ya baridi na yenye harufu ya spiriti. Bi Apolonia akainama mbele.

"Saa hiyo ulikuwa wapi, Skolastika?"

"Kwa mkweo, Mama. Ananisuka."

Aliketi wima. Nikaingia.

*

Kuipitia saa si kukumbuka. Ni kukaa tena mkekani na magoti yakakufa ganzi tena. Nilisikia chanuo, nikasikia Hilaria akisema "naanza katikati", na kwa mbali, kama kupitia pazia, niliona ukuta wa Baraza ukijaa chumba chake na mstari ukijiandika: sabuni ya kipande, vumbi la mkeka, vidole vikavu, vya moto. Dakika ya kumi na mbili nyundo ilianza. Mbili, kimya, moja. Mstari ukaandika: kaskazini, chuma kitupu. Nkuwi aliinamisha kichwa akakishika kwa mikono miwili.

Ningeweza kuivua kofia hapo. Saa isiyofika mwisho ni sawa na saa isiyotolewa. Niliendelea, na nilikuwa na hofu ambayo sijapata kuwa nayo kazini.

"Sasa nakwenda kulia," Hilaria alisema ukutani. "Nilalie."

Ukumbi ukajaa moyo.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilifikiria mstari tu, nikasahau vipaza sauti. Sikio langu lilikuwa limeshikamana na tumbo, na kofia ilitoa kile sikio lilichopata, kwa ukubwa ule ule nilioupata mimi: tup-tup-tup-tup, haraka, kama mtu anayekimbia peku kwenye vumbi.

"Hiyo ni nini, pampu?" mwanamume mmoja aliuliza, bado ametazama mlango.

"Mashine ya kinu hiyo!" mwingine alisema. "Si ndiyo mwendo wake? Basi huyo fundi alikuwa karibu na kinu!"

Minong'ono ilianza. Niliona kichwa kimoja kikianza kugeuka, halafu cha pili. Nkuwi aliinua uso uliosawijika kwa woga, maana kama ile ni mashine ya kinu basi nyundo yake nayo ilikuwa kinuni. Pembeni mwa ukuta mstari ulikwisha kujiandika, kwa herufi safi: sikio la kushoto, tumboni mwa Hilaria, mapigo ya pili, 146 kwa dakika.

"Mtunza Saa," Mwenyekiti alianza, "hiyo sauti..." Kisha akasoma. Aliivua miwani yake, akaifuta kwa tai, na hakuivaa tena.

Bi Apolonia hakuwa anasoma. Alikuwa amefumba macho tangu sauti ilipoanza, kichwa ameinamisha upande mmoja, kama alivyokuwa akifanya wodini. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Nilijua atafungua mdomo, na nilijua sauti yake inavyofika mbali.

"Geukeni mlangoni!" alisema, na vile vichwa viwili vikarudi. "Pampu gani? Ule ni moyo wa Skolastika. Mtoto wa watu anaogopa. Hamjawahi kusikia moyo wa mtu? Karani, endelea."

Niliapa miaka kumi na moja iliyopita kwamba sitaongeza wala kupunguza. Sikuongeza. Nilinyamaza, na ukuta uliendelea kusema kweli kwa migongo sitini.

Dakika ya thelathini na nane moshi uliingia. Mstari ukaandika: mafuta yanaungua, kusini. Nyundo ikagonga kaskazini, raundi tisa, na Mwenyekiti asiye na miwani akazihesabu kwa vidole vyake juu ya meza. Moyo mdogo uliendelea kukimbia chini ya yote hadi dakika ya sitini.

*

Nkuwi aliachiwa kabla ya adhuhuri. Alinijia mikono imefunguliwa, akakumbuka, akasimama hatua tatu kutoka kwangu na kunishukuru akiwa pale, akilia wazi wazi. Nilimwambia apunguze redio. Nilihitaji hewa.

Nyuma ya ukumbi kuna kibaraza kisicho na watu. Nilikuwa natembea huko, hatua kumi na nne kwenda na kumi na nne kurudi, Bi Apolonia alipotokea. Alisimama ukingoni, akatazama minara.

"Hujasimama tangu umetoka," alisema.

"Siwezi."

"Yale mapigo," alisema, bila kunitazama. "Yaliyumba popote? Mezani sikuweza kufuatisha vizuri, watu wanapiga kelele."

"Hayakuyumba, Mama. Dakika ishirini na tisa. Mara mbili yalipanda hadi mia hamsini na tano, Hilaria alipocheka."

Aliweka kiganja mdomoni. Mwanamke aliyetangaza kanisani, aliyewaambia kina mama wa shali, aliyewaambia wa sokoni, alikaa kwenye ngazi ya saruji na kiganja mdomoni.

"Zile tatu," alisema mwishowe, "nilizisema mimi. Kwa furaha tu. Yeye hajawahi kunitupia neno. Ananiletea chai." Akafuta macho. "Utapita kwake leo?"

"Amesema nikitoa saa nisirudi."

"Basi usirudi."

"Anadhani umesema. Atakuwa amelala anasubiri damu."

"Atasubiri leo. Kesho ataona hakuna aliyekuja na vigelegele. Keshokutwa ataona tena. Ukimfuata kumwambia, utakuwa umelitamka mara ya pili." Alisimama, akajifunga kanga vizuri. "Na mimi sitakwenda. Nitasema mguu unaniuma. Tutasubiri, wewe kwako na mimi kwangu."

"Hadi lini?"

"Sikio tupu likisikia hivyo, ni miezi mitano imetimia, inaingia sita. Wewe si unajua kuhesabu? Hesabu."

Alirudi ndani. Nilibaki nikitembea kibarazani, hatua kumi na nne, na nikaanza kuhesabu: siku mia moja na kumi, labda mia moja na ishirini, bila mtu wa kunishika kichwa na bila kujua kitu. Upepo ulikuwa bado unavuma. Hiyo ilikuwa siku ya kwanza, saa saba kasoro dakika nne.